Kibao cha Kundaeli

Jinsi nilivyofika Stahiki haina faida kwa msomaji. Njia ilikuwa ndefu, miguu ikavimba, nikafika. Ninachotaka kueleza ni yale niliyoyaona huko, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, ingawa katika baadhi yake mimi mwenyewe sikufanya vizuri.

Ni nchi safi. Barabara zimefagiwa, mifereji haijaziba, na watu wake wana adabu kuliko watu wote niliowahi kuwatembelea. Kila mmoja wao, kuanzia mwenyekiti wa Baraza hadi mtoto anayetambaa, huvaa shingoni kibao cha mti chenye ukubwa wa kiganja, na juu yake imechongwa sababu ya yeye kupendwa. Wanaitamka hivyo bila haya: sababu ya kupendwa. Siku ya kwanza nilisoma vibao mpaka macho yakachoka. "Hupika wali usioshikana." "Hasengenyi." "Ana meno mazuri." Mzee mmoja alikuwa na "Hakohoi kanisani," na nilipomkuta sokoni alikuwa amebana kifua kwa mikono miwili, uso umemwiva, akingoja nipite. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni alikuwa na kibao kidogo kuliko vyote: "Hulala mpaka asubuhi." Mama yake alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajaonja usingizi kwa wiki nzima, lakini alitabasamu nilipokisoma.

Mimi nilipata changu langoni. Karani wa Vibao, Bwana Semvua, mtu mpole mwenye miwani na sauti ya chini, aliniuliza napendwa kwa nini. Nikamwambia mimi ni mwinjilisti. Nimehubiri miaka thelathini, nimefungua mitaa sita ya kanisa mahali ambapo hapakuwa hata na kengele. Akasema hiyo inatosha kwa mgeni. Akachonga palepale: "Huhubiri bila kuchoka." Nilifurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini nilifurahi sana, na njiani nilikigeuza kila kilipopinduka ili watu wasome upande wenye maneno.

Sheria yao si ngumu kuielewa. Mtu hawezi kujitajia sababu yake mwenyewe. Lazima atajwe na mwingine, mbele ya Baraza, na kila mwaka sababu hiyo ihakikiwe upya. Ikionekana imekwisha, na nyingine haikupatikana, kibao huvuliwa. Hakuna viboko wala jela. Atalishwa, ataogeshwa, atapewa blanketi, maana wao hujihesabu kuwa watu wenye huruma. Ila asiye na kibao hasalimiwi. Hakuna anayemwambia umeamkaje, hakuna anayemwita jina, na akisalimia yeye, hajibiwi, hata na mkewe. Anayemsalimia hupoteza kibao chake.

Niliposikia hayo nilicheka. Nikamwambia Semvua kwamba hiyo ni adhabu ya watoto walionuniana.

"Wengi hawamalizi mwaka, Mwinjilisti," alisema, na hakucheka.

Nilihudhuria vikao vya Baraza mara kadhaa. Wazee saba hukaa nusu duara, na hawana haraka. Kwa siku moja na nusu walijadili habari ya mwanamke ambaye kibao chake kilisema "Ana sauti tamu," naye alikuwa ameshikwa na mafua. Je, anapendwa wakati wa mafua? Mzee mmoja alisema sauti ipo, imefunikwa tu. Mwingine alisema kilichofunikwa hakisikiki, na kisichosikika hakiwezi kuwa sababu. Waliamua kwamba hadi apone asalimiwe kwa sauti ndogo, bila kupeana mkono. Mwanamke alishukuru kwa kupiga goti, akatoka akipenga kamasi kwa siri.

Kanisa lao ni kubwa na zuri. Mbele kuna msalaba, na Bwana yupo juu yake, na juu ya kichwa chake kuna kile kibao tunachokijua sote. Mchungaji wao alinionyesha kwa fahari: hata Bwana alikuwa nacho. Nikamwambia kile kilipigiliwa na waliomuua. Akanijibu kwamba hilo si hoja. Hoja ni kwamba hakukosa kibao. Ibada ilipofika wakati wa maombi, kila muumini alisimama, akamsomea Mungu kibao chake kwa sauti, ndipo akaomba haja yake. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasoma changu. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilipangiwa kulala kwa mama mmoja aitwaye Naetwe. Mumewe, Mzee Kundaeli, alikuwa mwezekaji, na watu walisema hakuna nyumba aliyoiezeka ikavuja. Hicho ndicho kilichoandikwa kwenye kibao chake: "Huezeka paa lisilovuja." Miezi mitano kabla sijafika, akiwa anaezeka upya ukumbi wa Baraza, aliteleza akaanguka. Miguu ilikufa, mkono wa kulia ukafuata, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kila moja kwa jasho. Alilala chumba cha mbele, kibao kifuani. Mwisho wa mwezi ule kingehakikiwa.

Naetwe alikuwa na kibao kilichosema "Humtunza mumewe," na kwa kweli alimtunza. Alimgeuza ubavu, alimpaka mafuta mgongoni, alimlisha uji akimfuta kidevu kwa kanga yake. Siku moja aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mwinjilisti, wewe ni mtu wa maneno. Nisaidie sababu."

"Umejaribu zipi?"

"Nilisema ni mvumilivu. Karani akaniambia mtu asiyeweza kuinuka hana uvumilivu, ana kitanda. Nikasema anakumbuka mambo ya zamani. Wakaja kumpima, wakamuuliza jina la mama yangu, akalia. Zimebaki siku tisa."

"Wewe mwenyewe unampenda kwa nini?"

Kijiko kilikuwa mkononi, uji ukadondoka chini na hakuuona. "Nampenda tu," alisema, kisha akaziba mdomo, akatazama mlango kuona kama kuna aliyesikia.

Moyo wangu uliruka. Nikamwambia asione haya, hilo ndilo neno lenyewe, na ndivyo Mungu anavyotupenda. Nilianza kuhubiri palepale kati ya masufuria, na nilihubiri vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, Mwinjilisti, Mungu wako anakupenda kwa nini?"

Nilifungua mdomo, na kilichokuja ulimini ni ile mitaa sita. Nikaisukuma kando, ikaja miaka thelathini. Nikaisukuma na hiyo, ikaja safari za mvua, homa nilizougua, vijana niliowatoa kwenye pombe. Naetwe alikuwa amezoea kusoma nyuso za watu wanaotafuta sababu. Alinyoosha kidole akagusa kibao changu.

"Kumbe hata kwenu," alisema kwa huzuni, si kwa kunicheka.

Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko, kwenye gogo la kupasulia kuni. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Miaka yote hiyo nimewagawia watu chakula ambacho mimi mwenyewe sikukionja. Niliwaambia walevi na wezi kwamba wanapendwa bure, halafu nikarudi nyumbani kufanya kazi kama punda ili nami nipendwe. Sikulia, ningelia ningepata nafuu.

Jioni nilimrudia Naetwe. Nikamwambia nilimhubiria nisichokuwa nacho, lakini neno lenyewe ni kweli hata kama mhubiri wake ni mwongo. Kristo hakungoja tuwe na kitu chochote cha kuonyesha. Alitupenda tukiwa bado tumempa kisogo. Kama yupo wa kulisema hilo katika nchi hii, ni yeye, kwa sababu analo tayari.

"Nikasimame Barazani niseme hivyo?"

"Useme hivyo."

Aliwaza siku nne. Siku ya tano alikubali, na kosa hilo, kama ni kosa, ni langu.

Siku ya uhakiki walimbeba Kundaeli kwa machela, wakamweka chini ya lile paa alilokuwa akiliezeka. Mwenyekiti aliuliza nani anamtaja. Naetwe alisimama.

"Namtaja mimi. Nampenda. Sina sababu."

Nilitegemea makelele. Hawakupiga kelele. Walimsikiliza kwa makini, wakaanza kujadili, na kwa muda wa saa nzima niliona tumaini. Mzee mmoja alisema pengine huu ni upendo wa aina ya zamani ambao babu zao waliusahau. Mwingine alifuta macho. Wa tatu alisema kwa sauti ndogo kwamba angependa kupendwa hivyo walau siku moja, akaketi haraka. Ndipo Semvua alipoomba ruhusa ya kuuliza, na akanigeukia mimi.

"Mwinjilisti, tunaambiwa neno hili limetoka kwako. Upendo huu usio na sababu ni wa huyu mgonjwa peke yake?"

"Hapana. Ni wa kila mtu."

"Kuna mtu hapa mjini alimpiga mama yake mzazi mpaka akampofua jicho. Tulimvua kibao miaka mitatu iliyopita. Naye?"

Ukumbi wote ulinitazama. Nilijua jibu litafanya nini. Kundaeli alikuwa ananitazama pia kutoka kwenye machela. Ningeweza kusema hilo ni jambo jingine, la kujadiliwa siku nyingine, na nadhani tungeshinda.

"Naye," nilisema.

Yule mzee aliyefuta macho alikunja leso yake akaitia mfukoni. Baada ya hapo shauri halikuchukua muda. Hukumu yao ninaikumbuka kwa sababu Semvua aliisoma taratibu: upendo usioweza kuondolewa hauwezi kumfundisha mtu adabu, usiomfundisha mtu adabu hauna faida kwa nchi, na usiobagua kati ya mwezekaji mwema na mpiga mama yake ni tusi kwa mwezekaji mwema. Kwa heshima ya Mzee Kundaeli, Baraza halitamwacha atukanwe hivyo. Wakamvua kibao. Kwa heshima yake.

Lakini kazi haikuishia hapo. Kibao cha Naetwe kilisema anamtunza mumewe, na asiye na kibao si mume wa mtu. Kwa hiyo na yeye alikuwa hana sababu tena. Wazee walishauriana, wakamwonea huruma: abaki na cha zamani kwa siku arobaini, na akimlisha muda huo bila kumsalimia wala kumjibu, atachongewa kipya, nacho kitasema "Alijua kuacha." Mwanamke yule alipiga goti akashukuru, kama desturi inavyotaka. Goti lilipogusa sakafu nilisikia mlio wake, na bado ninausikia.

Sheria iliagiza awepo msikilizaji mlangoni kila asubuhi. Semvua alikuja mwenyewe, na kigoda chake ili asitusumbue kwa kiti. Alitusalimia kwa uchangamfu mimi na Naetwe, akaketi, akafungua masikio.

Asubuhi ya kwanza Naetwe aliingia na uji. Kundaeli aligeuza kichwa.

"U...meamkaje... mama?"

Alikuwa akimsalimia hivyo tangu walipooana. Naetwe aliweka bakuli, akakoroga, akampelekea kijiko mdomoni. Hakujibu. Kundaeli alimeza, akasubiri, akarudia tena, akidhani pengine safari hii maneno hayakumtoka vizuri. Alirudia mara nne. Asubuhi iliyofuata alirudia tena. Siku ya kumi na moja hakusalimia. Siku ya ishirini alianza kufumba mdomo kabla uji haujafika nusu.

Na mimi je? Msomaji atauliza. Mimi nilikuwa chumba cha pili, na sikumsalimia. Nilijiambia mgeni huheshimu sheria za mwenyeji. Nilijiambia nikisalimia nitamharibia Naetwe mambo, jambo ambalo halikuwa kweli, maana kibao cha mtu ni chake. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitikiwa njiani, na nilipenda watu wasome maneno yangu. Siku thelathini nilipita mbele ya mlango wa mzee yule nikitazama miguu yangu.

Siku ya thelathini na moja nilivua kibao nikampa Semvua mkononi. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilichoka tu kuisikia sauti ya kijiko. Nikaingia nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, Mzee Kundaeli."

Alifumbua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, na midomo ikaanza kutafuta. Nilisubiri marahaba. Nilikuwa tayari kulia kwa furaha nikiisikia.

"Kwa... sababu... gani?"

"Hakuna sababu, mzee. Mungu anakupenda hivi ulivyo. Na mimi nakusalimia."

Niliona usoni mwake kwamba nimemwumiza. Mtu aliyeezeka nyumba kwa miaka arobaini, aliyetambaa juu ya mapaa ya watu na misumari mdomoni, sasa anaambiwa na mgeni kwamba hakuna sababu. Kwake lilikuwa ndilo neno la Baraza, tofauti ni kwamba mimi nililisema nikitabasamu. Aligeuza uso akatazama ukuta. Nilimsalimia kila asubuhi baada ya hapo, nikausalimia mgongo wake.

Semvua aliacha kunisalimia tangu saa ile. Nilidhani nitavumilia, mimi ni mtu mzima, nimekaa peke yangu maporini. Siku ya tatu nilijikuta nasalimia mbuzi. Siku ya tano nilipita sokoni nikamkanyaga mtu mguu kwa makusudi, ili anikemee, naye akaondoa mguu wake akaendelea kupima karanga. Naetwe naye alipishana nami mlangoni kana kwamba mlango ulikuwa mtupu. Nilimwomba Mungu anisemeshe, na sikusikia kitu. Nilianza kufikiri kwamba labda Baraza lina haki, na kwamba mimi ndiye niliyetunga upendo ule kwa sababu ya kuhitaji kitu cha kuhubiri.

Asubuhi ya thelathini na nane Naetwe aliingia na uji kama kawaida. Mzee hakugeuka. Mifupa ya mgongo wake ilikuwa inahesabika kupitia shati. Naetwe alisimama na bakuli, akasimama sana, mpaka Semvua akainua kichwa kutoka kwenye kigoda.

Nilielewa anachotaka kufanya, na naungama kwamba mimi ndiye niliyejaribu kumzuia.

"Mama, zimebaki siku mbili," nilimnong'oneza.

Alinigeukia. Alikuwa hajanitazama usoni tangu siku ile ya thelathini na moja.

"Yeye hana siku mbili, Mwinjilisti."

Aliweka bakuli chini, akazunguka kitanda, akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta aliokuwa ameukazia macho mzee, mahali pembamba ambapo hata mwembamba kama yeye hakuenea vizuri. Akachuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Umeamkaje, mzee wangu?"

Mlangoni nilisikia Semvua akivuta pumzi. Kundaeli alimtazama mkewe. Ilichukua muda mrefu, na nilijua ni maneno gani yanakuja kabla hayajafika.

"Kwa sa...babu... gani?"

Naetwe alifungua mdomo. Niliona mazoea ya maisha yake yote yakipanda kooni: mapaa yasiyovuja, mikono iliyokuwa na nguvu, miaka waliyokaa pamoja. Akayameza.

"Sina," alisema. "Siku thelathini na nane nimetafuta, mchana kutwa, nikikulisha, nikifua shuka zako. Sina hata moja. Na bado nimekuja. Umeamkaje?"

Semvua alisimama, akabeba kigoda chake, akatoka bila kutuaga, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa tena na mtu wa kuagwa. Nilisikia viatu vyake vikielekea Barazani. Nilijua kwamba Naetwe hatasalimiwa tena na watu wa mji ule maishani mwake, na kwamba mume huyu ambaye kwa ajili yake alilipoteza hilo huenda asifike mwisho wa juma. Sikuona ushindi wowote mle chumbani. Niliona watu wawili waliokonda na bakuli la uji linalopoa.

Katika nchi ile sikuwahi kumsikia mtu akijibu salamu ila kwa neno jema. Hawathubutu, mgonjwa husema mzima, na aliyefiwa husema shwari, wasije wakaonekana wamepungua. Kundaeli alihangaika na ulimi wake. Machozi yalimtoka upande mmoja tu wa uso, upande uliokuwa bado hai.

"Vi...baya," alisema. "Nimeamka... vibaya... mama."

"Najua," Naetwe alisema, akaegemeza paji la uso wake kwenye paji la uso wa mumewe, na mzee yule akaanza kumweleza, neno moja moja, kila mahali palipokuwa panauma.